Zumari Langoni kwa Subedar Karam Dad

Subedar Karam Dad alisema tangu siku ya posa, tena mbele ya mashahidi wenye akili zao, kwamba bwana harusi aletwe na bendi yoyote, hata ya vipofu, ila bendi ya Gul Zaman isikanyage mtaa wake. Wazee wa upande wa mume wakaitikia kwa vichwa, wakaendelea kula halwa. Shagufta alikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe mkononi. Aliona walivyoitikia upesi, kama watu wanaomkubalia mgonjwa ili anyamaze.

Nyumba yao ilikuwa Tench Bhatta, ukingoni mwa kambi ya Rawalpindi, mtaa uliojaa askari wastaafu. Hapo mtu hakuulizwa kwanza wa ukoo gani, aliulizwa wa kikosi gani. Wazee walikuwa wameshavua sare miaka mingi, lakini tarumbeta ya kambini ikilia alfajiri wote walikuwa macho, wananyoa ndevu. Karam Dad alipaka chokaa matofali yaliyozunguka miwaridi yake, kama yalivyopakwa mbele ya ofisi za makamanda, na mtoto wa jirani akiyakanyaga alisikia maneno ambayo mama yake hakupenda ayajue.

Alistaafu na cheo cha subedar, akiwa mkuu wa wapiga zumari za mfuko wa kikosi chake. Baba yake alikuwa na cheo hicho kabla yake, na babu yake alifundishwa kupuliza na sajini mmoja wa Kiskoti, mlevi, ambaye bado amelala kwenye makaburi ya Wazungu kule kambini. Waingereza walifunga mizigo wakaenda zao. Zumari zikabaki, na vitambaa vya mirabaraba vya mabegani vikabaki, na katika nyumba ile hakuna aliyeviona kuwa vya kigeni. Wengine hurithi shamba. Kina Shagufta walirithi pumzi.

Gul Zaman alikuwa mwanafunzi wa Karam Dad, tena mwanafunzi kipenzi. Shagufta alimkumbuka akija na mifuko ya jozi kutoka kwao Hazara, akimwita "binti yangu wa kambini," akimruhusu aubane mfuko wa zumari kwapani mpaka utoe sauti ya bata aliyekanyagwa. Kisha mwaka mmoja hakuja tena. Baba alisema Gul Zaman alilewa siku ya gwaride, akaharibu wimbo wa mwendo wa pole mbele ya majenerali, kikosi kizima kikaaibika. Gul Zaman naye aliwaambia watu kuwa ulimi wa zumari yake ulibadilishwa usiku wa kuamkia gwaride, na aliyeubadilisha ni mwalimu aliyeogopa mwanafunzi asimkalie kiti chake. Vyovyote iwavyo, alifukuzwa jeshini akiwa karibu kabisa na pensheni. Akavuka mfereji wa Lai, akaingia mjini, akafungua bendi ya harusi karibu na Raja Bazaar. Na wapigaji wake akawavisha mirabaraba ile ile ya kikosi, akaongeza nyuzi za dhahabu hadi kwenye viatu.

Hilo ndilo Karam Dad hakulimeza.

"Kawavisha nyani nguo za marehemu wetu," alisema, mara nyingi wakati wa kula.

Shagufta alikuwa amefikisha umri ambao majirani walianza kumwuliza shangazi yake kwa sauti ya chini. Mama yake alikufa zamani. Shangazi Hajra, dada wa baba, ndiye aliyemlea. Posa mbili zilikuwa zimevunjika kwa sababu ya mdomo wa baba yake. Katika ya kwanza alimwuliza mchumba alipigana vita gani, na mchumba alikuwa daktari wa meno. Hii ya tatu ilikuwa ya Tanvir, karani wa reli, wa upande wa mjini. Shagufta alimwona mara chache tu. Alichokipenda ni kwamba shangazi alipomwongezea chai, yule kijana alimshukuru akimtazama usoni, jambo ambalo wanaume wa nyumba ile hawakuwa nalo. Na zaidi ya yote, alitaka kutoka. Alikuwa amechoka kuishi kwa amri.

Siku ya harusi ilikuwa ya Desemba, jua kali lisilo na joto. Masufuria ya biriani yalikuwa yanafuka uani. Shagufta alikuwa ghorofani, kavaa nyekundu, hina imekolea hadi kwenye viwiko, shangazi anambana pini za mtandio. Ndipo zumari ziliposikika kutoka kona ya mtaa.

Mkono wa shangazi ukasimama hewani.

"Labda ni bendi nyingine," shangazi alisema.

"Shangazi, usinidanganye na wewe."

Ulikuwa mwendo wa pole wa kikosi, ule ule ulioharibika siku ya gwaride. Safari hii haukuharibika. Kila sauti ilitoka safi, imenyooka, inakuja polepole kama mtu anayejua anakokwenda na hana haraka ya kufika. Shagufta alikuwa binti wa mpiga zumari. Aliujua ufundi alipousikia, na aliijua chuki pia, na hapa vyote viwili vilikuwa katika pumzi moja.

Alisikia viatu vya baba yake uani, kisha mnyororo, kisha kufuli.

Alisogea dirishani. Chini mtaani, Tanvir alikuwa juu ya farasi jike, uso umefunikwa kwa nyuzi za maua, haoni mbele wala nyuma. Pembeni yake alisimama ami yake, Chaudhry Latif, mzee wa kitambi na kilemba kikubwa, aliyeongoza mambo yote kwa kuwa baba wa kijana alikwishafariki. Mbele yao wote, mgongo wima, mashavu yamejaa, alikuwa Gul Zaman. Alipiga hadi mwisho bila kuruka hata kipande. Kisha akashusha zumari akapiga saluti.

"Salaam alaikum, Subedar Sahibu. Nimekuletea mkwe."

Karam Dad alikuwa upande wa ndani wa lango la chuma, mikono nyuma. "Nilisema nini siku ya posa?" Hakumwuliza Gul Zaman. Alimwuliza Latif.

"Subedar Sahibu, leo ni siku ya furaha," Latif alisema. "Hii ndiyo bendi bora mjini. Fungua, watu wametoka mbali, wana njaa."

"Nilisema nini?"

"Kwani kakukosea nini leo? Kapiga vizuri."

"Avue hiyo nguo, kisha tuongee."

Gul Zaman akacheka. "Nikivua hapa, Subedar Sahibu, mtaa wako utaona kitu ambacho hautakisahau." Wapigaji wake wakacheka naye, na madirishani wanawake wakaficha midomo kwa mitandio.

"Uliiuza pensheni yako kwa chupa," Karam Dad alisema. "Sasa unauza sare ya watu waliokufa, kwa kila mwenye tumbo na mtoto wa kuoza. Wewe si mpiga zumari. Wewe ni mbuzi aliyemeza filimbi."

"Mbuzi huyu kapiga mwendo wako bila kosa. Umesikia kosa? Sema mbele ya watu. Masikio unayo bado, au nayo yamestaafu?"

Karam Dad hakujibu. Shagufta, juu, alijua kwa nini hakujibu. Kosa halikuwapo, na baba yake, pamoja na ubaya wake wote, hakuwahi kusema uongo juu ya sauti.

Latif alianza kupoteza subira. Aligonga lango kwa fimbo yake. "Sikiliza, mzee. Mimi nimeleta heshima ya ukoo mzima hadi hapa. Ukituacha tusimame kama ombaomba, tunageuza farasi. Binti yako abaki na mawaridi yako."

"Barabara mliyojia bado ipo," Karam Dad alisema. "Haijafungwa."

Shangazi Hajra aliketi sakafuni, mkono kifuani. Shagufta hakulia. Kilichompanda kilikuwa kitu kikavu, cha moto, ambacho hakukitambua mara moja kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akikiona kwa baba yake tu. Alishuka ngazi na bangili zake zote zikilia, akaenda hadi langoni, nyuma ya mgongo ule.

"Baba, nipe ufunguo."

Karam Dad hakugeuka. "Rudi juu. Bibi harusi hashuki."

"Bibi harusi wa nani? Umeshawafukuza."

"Watakuja wengine."

"Nani? Yule wa meno?"

Hapo akageuka. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Unamtaka karani wa mjini kuliko jina la baba yako? Unanichagua mimi, au unamchagua yule mbuzi?"

"Hakuna aliyeniletea posa ya mbuzi, Baba. Nipe ufunguo."

"Nimesema hapana."

Shagufta alimtazama kidogo, kisha akapanda ngazi tena. Karam Dad alidhani ametiiwa. Kumbe alipita chumba chake, akampita shangazi, akatokea juu ya paa. Nyumba za mtaa ule zimebanana. Kati ya paa lao na la mjomba wake Ramzan kulikuwa na ukuta mfupi tu na kamba ya nguo. Mjomba Ramzan, kaka wa marehemu mama yake, fundi wa mataa ya gari, hakualikwa karamuni kwa sababu aliwahi kumwambia Karam Dad kwamba vita hupigwa na bunduki si na zumari. Alikuwa ameketi ukingoni mwa paa na fulana yake, anamenya machungwa, anautazama ugomvi kama watu wanavyotazama kriketi.

Alipomwona mpwa wake anaruka ukuta na gauni la harusi, chungwa lilimtoka.

"Mjomba, utakuwa wakili wangu kwenye nikahi?"

"Baba yako atanichinja."

"Amekuwa akisema hivyo tangu sijazaliwa."

Ramzan alifikiri. "Subiri nivae shati," alisema.

Wakashuka ngazi za Ramzan, wakatoka mtaani. Kelele zilikatika kama zimekatwa kwa kisu. Bibi harusi peke yake barabarani, jua la mchana, uso wazi: hilo Tench Bhatta ilikuwa haijaliona. Mtu mmoja alisema "Astaghfirullah" polepole. Juu ya farasi, Tanvir alitenganisha maua ya usoni kwa vidole viwili ili aone kilichowanyamazisha watu.

Shagufta hakwenda kwake. Alikwenda kwa Gul Zaman.

"Baba mdogo Gul."

Yule mtu alishtuka kidogo. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi ambazo Shagufta hakuzijua. "Binti yangu wa kambini," alisema. "Umekua."

"Wamekulipa kiasi gani kuja kupiga mwendo huo mlangoni kwetu?"

Latif ndiye aliyejibu, kwa hasira, akidhani anajitetea. "Hatujamlipa. Alikuja mwenyewe nyumbani, akasema harusi hii atapiga bure. Sisi tungekataa bure?"

"Mlijua baba yangu alikataza."

"Tulijua mzee ana maneno mengi."

Shagufta alimrudia Gul Zaman. "Bure?"

"Zawadi," alisema Gul Zaman. "Kwa ajili yako."

"Usiniweke mimi humo. Umekuja kunioza, au umekuja kumzika baba yangu?"

"Baba yako alinizika kwanza."

"Basi tafuteni makaburi mkazikane huko. Mmeona mahali pote hamna pa kupigania ila kwenye nikahi yangu? Miaka yote hiyo hukuja kuuliza kama nipo hai. Leo umekuja kunikanyaga ili umfikie yeye." Sauti yake haikupanda, na kwa sababu haikupanda, mtaa mzima ulisikia. "Chukua watu wako uende. Ukipuliza tena hata pumzi moja, narudi juu, na nyote mtarudi mjini mnanuka jasho bila kuonja hata punje ya wali."

Gul Zaman alitazama zumari yake, kisha akatazama lango. Akawaashiria wapigaji wake. Walitoka mtaani bila mpangilio, mpiga ngoma kubwa wa mwisho, ngoma inamgonga magoti, na watoto wakiwafuata wakipiga saluti za kejeli.

Ndipo kufuli likafunguka. Lango likalia, likafunguka lote. Karam Dad alisimama katikati yake, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama furaha.

"Umesema vizuri," alimwambia binti yake. Kisha, kwa sauti ya mwenyeji, "Haya, karibuni. Chakula tayari. Karibu, Chaudhry Sahibu."

Wageni walianza kusogea. Harufu ya biriani ilikuwa imewafikia, na njaa haina ukoo. Latif mwenyewe alikwishaweka mguu mmoja ndani.

"Sitaolewa humo," Shagufta alisema.

Mguu wa Latif ukarudi nje.

"Nini tena?" Karam Dad aliuliza.

"Nitaolewa kwa Mjomba Ramzan. Anayetaka kushuhudia aje. Anayetaka kula aende kwako."

"Shagufta. Nimefungua."

"Umefungua alipoondoka yeye. Mimi nilipokuomba hukufungua."

Karam Dad aliukaza mkono kwenye chuma cha lango. "Ukiingia nyumba ya yule fundi taa, usirudi hapa."

"Sawa."

Alisema neno hilo bila kufikiri, na aliugundua uzito wake baadaye, kwenye sebule ya mjomba wake, iliyojaa mataa ya malori na harufu ya mafuta. Shehe aliuliza baba wa bibi harusi yuko wapi. Ramzan akasema, "Yuko langoni kwake. Analilinda lisikimbie." Watu wachache walicheka. Shehe hakucheka, alikunja uso, akageuka kushauriana na mzee mwingine, na kwa muda ilionekana mambo yataharibika upya kwa upande wa dini. Tanvir ndiye aliyesema, na ndiyo mara ya kwanza sauti yake kusikika siku ile, "Bibi harusi ni mtu mzima, na mjomba wake yupo. Mimi niko radhi. Shehe, tuendelee, tafadhali." Shehe akaendelea. Shagufta aliulizwa mara zote zinazotakiwa, na kila mara alikubali kabla swali halijaisha.

Waliondoka kwa gari la farasi la kukodi, bila bendi, bila mchele wala maua ya kurushwa. Walipopita mbele ya nyumba, lango lilikuwa wazi na uani mlikuwa na wageni wawili watatu wanakula bila kuinua macho. Karam Dad hakuwapo. Shangazi Hajra alikimbia hadi kwenye gurudumu, akampa mfuko wa nguo, akarudi ndani analia.

Nyumbani kwa Tanvir hakukuwa na asali. Mama mkwe alimwita "bibi harusi wa paani" tangu wiki ya kwanza, na wageni walipokuja alimwonyesha kwa kidevu. "Huyu msimfungie mlango," alisema, "ataruka." Siku moja Shagufta akamjibu, "Kweli Mama, na paa lenu ni fupi." Tangu hapo waliogopana kwa kiasi, na kuogopana kulifaa kuliko mapenzi ya uongo. Latif hakumsamehe kamwe ile biriani. Gul Zaman naye akaigeuza habari ile kuwa hadithi ya kuchekesha pale Raja Bazaar, ila katika hadithi yake yeye ndiye aliyeondoka kwa hiari, na bibi harusi alilia kumzuia.

Baba yake alimwona mara moja sokoni Saddar, mbele ya duka la viatu. Akampita kama anayepita nguzo.

Mtoto alipozaliwa, wa kike, Shangazi Hajra alikuja na samli na kitambaa, akasema mzee amedhoofika, kifua kinambana. Hakusema ametumwa, maana hakutumwa. Shagufta alikaa na habari ile siku kadhaa, akiwa amekasirika kwamba imemgusa. Kisha akamfunga mtoto, akapanda basi.

Karam Dad alikuwa uani kwenye kitanda cha kamba, blanketi mabegani ingawa kulikuwa na joto.

"Umekuja kuomba radhi?" alisema.

"Hapana. Wewe je?"

"Hapana."

"Basi tumeelewana." Akaketi.

Shangazi alileta chai. Walikunywa mpaka vikombe vikafika katikati.

"Anaitwa nani?"

"Mehnaz."

"Jina la watu wa mjini."

"Ni mtoto wa mjini."

Karam Dad alikohoa, muda mrefu, mkono mmoja kifuani. Alipomaliza alimtazama mtoto, kwa pembeni, kama mtu anayekagua kitu ambacho hajaamua kukinunua. "Gul Zaman alipiga vizuri siku ile," alisema. "Hakukosea popote."

"Najua. Nilisikia."

"Siku ya gwaride alikuwa amelewa. Wasikuambie vingine."

"Baba, sitaki kujua."

"Alikuwa amelewa," alisema tena, kwa ukali, na Shagufta hakuweza kujua anamwambia nani. Kisha akamrudishia kikombe. "Ijumaa nina wageni. Usije Ijumaa."

Alikwenda Ijumaa. Hapakuwa na mgeni yeyote. Waligombana juu ya ngazi ambayo Ramzan aliiazima asiirudishe, juu ya jina la mtoto, juu ya jinsi ya kumbeba, hadi adhana ya alasiri ilipowakatiza, na Shagufta akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata akaenda tena.